Maneno Mazito Kwenye Mabishano ya Mtandaoni: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Mabishano ya mtandaoni yana tabia moja: hoja zikianza kuisha, msamiati hupanda. Aliyeanza kwa kuandika "sikubaliani nawe" anamalizia kwa "hoja yako imeghubikwa na ombwe la kimantiki". Wapo wanaoshangilia, wapo wanaokereka, na pande zote mbili zina dhana zinazohitaji kunyooshwa.

Dhana: Maneno mazito humfanya mwandishi aonekane msomi

Hii ndiyo iliyoenea zaidi, na bahati nzuri imewahi kupimwa. Mwaka 2006 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Oppenheimer, alichapisha matokeo ya majaribio yake kuhusu jambo hilihili. Alichukua insha za watu walioomba nafasi za masomo ya juu chuoni, akaondoa maneno ya kawaida na kuweka visawe virefu vya kamusini, kisha akawapa wasomaji waamue kama mwandishi anafaa kupokewa. Kadiri insha ilivyosheheni maneno marefu, ndivyo mwandishi alivyozidi kushuka machoni pao. Maelezo yake ni kwamba msomaji akitaabika, taabu ile humwangukia aliyeandika.

Mwaka huohuo kazi hiyo ilipata tuzo ya Ig Nobel ya fasihi, ile inayotolewa kwa tafiti zinazochekesha kwanza kisha zikafikirisha. Kichwa cha makala yake kilirundikwa maneno marefu kwa makusudi. Jamaa alijua anachokifanya.

Dhana: Basi kila neno gumu ni majivuno

Hapo ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Oppenheimer alipima maneno yaliyopachikwa bila haja. Neno linalobeba maana ambayo jepesi haliibebi ni habari nyingine kabisa.

Chukua mjadala juu ya mtu aliyekamatwa na polisi kwa wizi. Ishirini wanaandika "mwizi kanaswa". Mmoja anaandika "mtuhumiwa", naye anapokewa kwa kejeli: "Mwalimu wa lugha kafika!" Lakini mtuhumiwa ni anayeshukiwa tu. Mshtakiwa ameshafikishwa mahakamani. Mfungwa amehukumiwa na anatumikia kifungo. Kati ya neno la kwanza na la tatu kuna ushahidi, utetezi na hukumu, na anayemwita mwenzake mwizi kabla ya yote hayo anaweza kujikuta yeye ndiye anashtakiwa kwa kumchafulia mtu jina. Yule mmoja hakuwa anaringa. Ndiye pekee aliyeandika kilichotokea.

Vivyo hivyo kwa "umethibitisha" na "umeashiria" watu wanapozungumzia utafiti. Utafiti ukikuta kwamba wanaolala saa chache huugua zaidi, umeashiria uhusiano. Haujathibitisha kuwa kukosa usingizi ndiko kunakowaumiza, kwa sababu huenda maradhi ndiyo yanayowanyima usingizi. Hapo kitenzi kimoja ndicho hoja nzima, na nusu ya mabishano ya afya ninayoyasoma yangeisha mapema kama mtu angekichagua vizuri.

Ukitaka kipimo, liondoe neno zito na uweke la kawaida. Kama hakuna kilichopotea, liache hukohuko nje.

Dhana: Asiyeelewa akafungue kamusi

Hafungui. Anapita. Wengi wanaosoma wanatumia lugha yao ya pili au ya tatu, wako kwenye simu, na maoni mengine mia yanawasubiri. Neno la kitaalamu likilazimika, lieleze palepale kwa maneno matano au sita, na mtaalamu mwenzako hatakasirika.

Anayepaswa kufungua kamusi ni mwandishi. Mtu anataka kumsifu mwenzake kwa mchango adhimu, yaani mkubwa wa kuheshimika, anaandika "mchango wako ni adimu". Adimu ni kisichopatikana kwa urahisi. Msifiwa anabaki kujiuliza kama ameshukuriwa au amelaumiwa kwa kutoonekana.

Dhana: Hata wasipoelewa, watashawishika

Hii ina chembe ya ukweli. Mwaka 1970, watafiti nchini Marekani walimpeleka mwigizaji mmoja mbele ya wataalamu wa afya ya akili, wakamtambulisha kama Dkt. Myron Fox, bingwa wa kutumia hisabati katika elimu ya madaktari. Hotuba yake ilijaa maneno yasiyo na maana, kauli zinazopingana na vichekesho vilivyokolezwa. Wasikilizaji walimsifu.

Ila Fox alikuwa na sauti, uso na ucheshi, na maneno yake yalipita hewani. Maandishi yanabaki. Msomaji anarudi juu, ananakili sentensi yako, anaibandika chini na kuuliza: "Hapa umemaanisha nini?" Fox hakuwahi kupambana na swali hilo likiwa limebandikwa chini ya kila sentensi yake.

Dhana: Ukimsahihisha msamiati, umemshinda

Hapana. Aliyeandika "zamani" akikusudia "thamani" bado anaweza kuwa sahihi kuhusu bei ya kiwanja. Kama kosa limegeuza maana, muulize alichokusudia kisha ujibu hicho. Kama halijageuza, jibu hoja.