Kilomita ugawe kwa 900: hesabu inayonichosha

Mteja anakaa, ananigeuzia simu nijionee mwenyewe: London hadi New York, kilomita 5,540. Ndege inakwenda 900 kwa saa. "Saa sita na dakika kumi hivi. Mbona tiketi yako inasema saa nane?" Ninakata tiketi, na hesabu hii naletewa kila wiki. Kugawanya amegawanya sawasawa. Kosa lake ni kuifanya ndege basi la barabarani.

Muda wa kwenye tiketi hauanzi magurudumu yakiacha ardhi. Unaanza ndege inaposukumwa kutoka getini, unaisha inapoegeshwa upande wa pili. Hapo katikati kuna kujikokota hadi njia ya kurukia, foleni, na pengine kuzungushwa angani kusubiri zamu ya kutua. Chini ya futi 10,000 kwa kawaida ndege haizidi kilomita 460 hivi kwa saa. Hiyo 900 yako ni ya huko juu tu. Mashirika nayo hutia dakika za akiba yasionekane yamechelewa, ndiyo maana unatua "mapema" ukampigia rubani makofi.

Ila kinachonimaliza ni upepo, kwa sababu hapa hakuna anayenisikiliza. Kilomita 900 ni mwendo ndani ya hewa, na hewa yenyewe inatembea. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini kuna mkondo mkali wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki. Ukivuma kilomita 150 kwa saa, anayekwenda New York anabakiwa na 750, anayerudi anapata 1,050. Usiku wa kuamkia 9 Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara, Boeing 747 moja ilitoka New York ikatua London kwa saa 4 na dakika 56. Rubani hakukanyaga mafuta kupita kiasi, alisukumwa.

Halafu kilomita za kwenye simu ni za njia fupi kuliko zote, na hakuna aliyekuahidi kwamba ndege itapita hapo. Helsinki hadi Tokyo ilikuwa kama saa 9 na nusu. Anga ya Urusi ilipofungwa mwaka 2022, ikawa kama saa 13. Miji haikusogea hata hatua.

Wateja wengine nao huja na yao. "Dunia inazunguka, kwa hiyo ukielekea magharibi mji unakujia." Hapana. Hewa inazunguka pamoja na dunia. Vinginevyo helikopta ingeelea tu ikweta, baada ya saa moja ishuke kilomita 1,670 hivi mbali.

"Kwenda Los Angeles kutoka London wanatupitisha Greenland kutuzungusha." Vuta uzi juu ya tufe la dunia, si kwenye ramani ya ukutani, uone unavyolala juu ya Greenland: hiyo ndiyo njia fupi.

"Nimetoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kutua." Kila saa ni ya mji wake. Ukitoka London saa 5 asubuhi ukafika New York saa 8 mchana, umesafiri saa nane, si tatu. New York iko nyuma kwa saa tano.

Na anayetaka kuunganisha ndege kwa hesabu ya 900, tiketi mbili mbalimbali, nafasi ya dakika 50 katikati: mimi simkatii. Chini ya saa tatu, atafute wakala mwingine.