Wezi Si Wengi Kiasi Hicho

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na msomi mwenzangu, kwamba utafiti mbovu ni kazi ya wezi wachache na kwamba wakikamatwa mambo yatanyooka. Mfano ukawa uleule wa siku zote: Diederik Stapel, mwanasaikolojia wa Uholanzi aliyegundulika mwaka 2011 kuwa alikuwa akibuni data, na ambaye makala zake 58 zimefutwa. Naam, alikuwa mwongo, lakini si yeye anayenikosesha usingizi.

Anayenikosesha usingizi ni mtafiti mwaminifu, mwenye data aliyoitolea jasho, mkataba unaokaribia kwisha, na kamati ya kupandisha vyeo itakayohesabu makala zake bila kuzisoma. Analinganisha makundi mawili, na thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi iwapo kwa kweli hakuna athari, inatoka 0.08; kwa desturi hutakiwa iwe chini ya 0.05. Anawachambua wanawake peke yao: 0.11. Anawaondoa washiriki wawili ambao majibu yao “hayakuwa ya kawaida”, anaingiza umri katika modeli yake ya kitakwimu, na sasa anapata 0.04. Anaandika hiyo, kisha katika utangulizi anaeleza kwamba nadharia tete yake ilikuwa hiyohiyo tangu mwanzo. Hakubuni namba hata moja. Hata hivyo, ukifanya vipimo 20 vinavyojitegemea mahali ambapo hakuna athari yoyote, uwezekano wa kupata angalau kimoja kilicho chini ya 0.05 ni takriban asilimia 64, na msomaji huoneshwa hicho kimoja tu.

Hapo ndipo hujibiwa kwamba mhakiki, yaani msomi anayeipitia makala kabla jarida halijaichapisha, atagundua. Atagundua kwa lipi? Mimi ni mhakiki. Silipwi, kazi hiyo naifanya usiku, na data ghafi huletewa kwa nadra. Niliwahi kupokea mswada uliotaja washiriki 46 katika sehemu ya mbinu na 41 katika jedwali la pili. Nilipouliza wale watano walikwenda wapi, mswada ulirudi ukiwa na 41 kila mahali, na mhariri akanishukuru kwa kubaini kosa la uchapaji.

Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Asilimia 97 ya tafiti za awali zilikuwa na umuhimu wa kitakwimu, yaani p iliyo chini ya 0.05. Ziliporudiwa, zilibaki asilimia 36. Kurudia nako kuna kasoro zake, na nakiri kwamba utafiti usiorudika si lazima uwe wa uongo, lakini wezi peke yao hawatoshi kulieleza pengo hilo.

Viwanda vya makala, vinavyouza nafasi katika orodha ya waandishi, navipita haraka: mwaka 2023 makala zaidi ya 10,000 zilifutwa, nyingi zikiwa za majarida ya mchapishaji Hindawi, na wateja wa viwanda hivyo wanahesabiwa na kamati zilezile.

Dawa ninayoiamini, kwa tahadhari, ni jarida kuikubali makala kabla data haijakusanywa, kwa kutazama swali na mbinu peke yake. Hata hivyo, nimeshasoma mipango ya utafiti ya aina hiyo iliyoandikwa kwa ulegevu kiasi kwamba matokeo yoyote yangeingia humo.

Mimi mwenyewe nina makala ya zamani yenye p ya 0.047, na ndiyo iliyonipandisha cheo. Nimelitafuta faili la data ili niichambue upya, na nimelipata. Bado sijalifungua.