Mrija wa nyongo hauondoi mawe

Mzee ana maradhi ya moyo, mfuko wake wa nyongo umevimba kwa sababu ya mawe, na daktari anaamua kumwekea mrija badala ya kumpasua. Ndugu wanashusha pumzi: mawe yametoka bila kisu! Hapana. Mrija huo mwembamba, unaopitishwa ubavuni kwa ganzi, mara nyingi kupitia ini, hutoa nyongo na usaha tu. Mawe yanabaki humo humo, na uvimbe unaweza kurudi mrija ukitolewa, au ukichomoka tu mgonjwa akijigeuza kitandani.

Wala si kweli kwamba kila mgonjwa dhaifu yuko salama zaidi na mrija. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha mrija na upasuaji wa kuondoa mfuko wa nyongo kwa wagonjwa 142 walio katika hatari kubwa. Matatizo makubwa yaliwapata asilimia 65 ya waliowekewa mrija, dhidi ya asilimia 12 ya waliopasuliwa kwa matundu madogo. Waliozidiwa mno hawakuhusishwa, na kwa hao ndipo mrija una kazi yake hasa: kupunguza maambukizi hadi mwili upate nguvu. Muulizeni daktari mapema: mrija utakaa hadi lini, na baada yake nini?