Nani anacheka? Uonevu shuleni, kujiua kwa watoto na sura ya shoga kwenye burudani ya Japani

Mwanasosholojia Yoji Morita alieleza kwamba uonevu wa shuleni Japani, unaoitwa ijime, una watu wa aina nne: anayeonewa, wanaomwonea, wanaocheka na kushangilia, na wanaotazama kimya. Walimu na wazazi wengi hushughulika na wale wawili wa kwanza tu, ilhali nguvu ya uonevu iko kwa hao wa pembeni. Mchokozi asiyechekewa huchoka mapema.

Ili kuelewa uzito wa uonevu huo, litazame darasa lenyewe. Wanafunzi wa Japani hukaa chumba kimoja karibu kutwa nzima. Walimu wa masomo ndio wanaohama. Darasa la sekondari ya chini kwa muda mrefu limekuwa na watoto hadi 40, na watoto haohao husoma, hula na hufagia pamoja mwaka mzima. Aliyetengwa hana pa kukimbilia. Tena mara nyingi hapigwi: hasalimiwi, hajibiwi, na kundi jipya la LINE, programu ya kutumiana jumbe kwa simu, linaundwa bila yeye.

Mwaka 1986 mvulana wa miaka 13 wa shule moja ya Nakano, Tokyo, alijiua. Kabla ya hapo wenzake walikuwa wamemfanyia mazishi ya mzaha darasani, na walimu wanne walitia saini kadi ya kumuaga "marehemu". Kumbe hata mtu mzima huweza kuingia katika kundi la wachekaji bila kujitambua.

Na kicheko hufundishwa. Vipindi vya vichekesho vya televisheni vina neno lao, ijiri, yaani kumtania mtu kwa kumshika pale anapoaibika. Jukwaani anayetaniwa analipwa, na amekubali. Darasani neno ni lilelile, lakini hakuna aliyekubali. Ndiyo maana mwalimu akiuliza, jibu huwa, "Tunataniana tu." Aprili 2022 kamati ya vijana ya BPO, chombo cha kusimamia maadili ya utangazaji, ilitahadharisha kwamba kuonyesha watu wakichekelea maumivu ya mwenzao kunaweza kudhoofisha huruma kwa watoto.

Kwa miongo mingi shoga wa televisheni ya Japani aliwekwa kwenye kiti hichohicho cha kutaniwa. Jina la kundi hilo ni onē, yaani "dada": wanaume wenye mavazi au maneno ya kike, wakali wa ulimi, waalikwa wa kudumu wa vipindi vya mazungumzo. Kuwadharau watu hao ni kosa. Akihiro Miwa, mwimbaji aliyezaliwa Nagasaki mwaka 1935, na Matsuko Deluxe, mtangazaji wa televisheni, wana heshima waliyoijenga wenyewe. Tatizo ni kwamba mlango ulikuwa mmoja. Mvulana wa miaka 13 anayecheza besiboli na kumpenda mwenzake kimoyomoyo hakujiona humo; alichokipata ni jina la kuitwa kesho yake, okama, neno ambalo asili yake ni chungu cha kupikia wali. (Msomaji wa Kiswahili anayekumbuka "shoga" lilipokuwa neno la urafiki kati ya wanawake wa pwani anajua jinsi neno la nyumbani linavyogeuzwa jiwe.) Septemba 2017 Fuji TV ilimrudisha mhusika wa kuchekesha wa miaka ya 1980 ambaye jina lake lenyewe lilitokana na tusi dhidi ya mashoga. Malalamiko yalikuja kwa wingi, na rais wa kituo akaomba radhi.

Tangu hapo sura zimeongezeka. Tamthilia ya TV Tokyo ya mwaka 2019, iliyotokana na katuni ya Fumi Yoshinaga, inaonyesha mwanasheria na msusi wanaoishi pamoja, na sehemu kubwa yake ni bei ya mboga na chakula cha jioni. Mambo ya kawaida kabisa, na thamani yake iko hapohapo.

Utafiti wa Yasuharu Hidaka na wenzake kwa vijana wa Osaka ulikuta kwamba uwezekano wa kuwa wamewahi kujaribu kujiua ulikuwa takriban mara 6 kwa wanaume mashoga, wanaovutiwa na jinsia zote mbili au wasio na hakika, ukilinganisha na wanaume wengine. Hisia zao siyo ugonjwa. Kinachoumiza ni upweke na matusi, na kujiua hakuna sababu moja tu. Mwaka 2012 mwongozo wa serikali wa kuzuia kujiua uliwataja watu hawa, na mwaka 2017 sera ya kuzuia uonevu ikawataka walimu wawalinde.

Sheria ya uonevu ilianza kutumika Septemba 2013, baada ya kifo cha mvulana wa mji wa Otsu aliyeonewa shuleni na kujiua mwaka 2011. Kipimo chake ni mateso anayoyahisi mtoto. Nia ya mtendaji haiangaliwi. Maisha yakiwa hatarini, au mtoto akikosa shule kwa muda mrefu (kigezo ni takriban siku 30), uchunguzi ni lazima. Mzazi apeleke malalamiko kwa maandishi yenye tarehe, na ahifadhi picha za jumbe kabla hazijafutwa. Shule inayoripoti uonevu sifuri isisifiwe haraka, huenda haijauliza.

Tarehe ya kuangaliwa sana ni 1 Septemba. Takwimu za serikali za 1972 hadi 2013 zilionyesha kwamba siku hiyo, shule zinapofunguliwa, watoto 131 walijiua, wengi kuliko siku nyingine yoyote. Kwa hiyo anza kumtazama mwanao katikati ya Agosti: usingizi, hamu ya kula, kugawa vitu anavyovipenda.

Ukiwa na wasiwasi, mwambie wazi kwamba unamhofia, kisha uliza bila kuzunguka: "Umewaza kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Sikiliza bila kuhubiri. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa dawa na vitu vya hatari, na tafuta daktari au mshauri siku hiyohiyo. Japani simu ya bure ya saa 24 kwa watoto ni 0120-0-78310. Kenya na Tanzania ni 116.

Akikufichulia kwamba anapenda wa jinsia yake, siri hiyo ni yake. Mwalimu anayekimbilia kuwaambia wazazi anaweza kumfungia mlango wa mwisho, nyumbani. Panapokuwa na hatari, waambie kuhusu hatari. Sababu ataieleza mwenyewe akitaka. Mji wa Kunitachi, ulio Tokyo, umekataza kutoboa siri ya namna hii tangu 2018.

Na kama shule haiendeki, asiende. Agosti 2015 maktaba ya mji wa Kamakura iliwaandikia watoto waliokuwa wakiona heri kufa kuliko kurudi shuleni: njooni huku, katuni zipo, na mkikaa kutwa hakuna atakayewauliza kitu.