Kuacha laptopu kwenye chaji siyo kinachoua betri

Huku Mbeya, uwe Mwanjelwa au Kabwe, hukosi mtu wa kukwambia usiache laptopu kwenye chaji, eti betri inajaa kupita kiasi, chomoa, itumie mpaka izime yenyewe ndo uchaji tena. Jamani hiyo ilikuwa ya betri za zamani za nikeli. Za sasa ni za lithiamu, zina saketi inayokata chaji ikifika 100%, baada ya hapo mashine inakula umeme wa chaja moja kwa moja.

Kinachoichosha kweli ni kukaa imejaa 100% miezi na miezi, pamoja na joto, hasa vyote vikikutana. Na sisi wa huku baridi ya Juni na Julai ikibana ndo balaa, mtu kajifunika blanketi, laptopu kaiweka juu yake, matundu ya feni yameziba, muvi inaenda, chaja imechomekwa, hapo betri inapikwa taratibu halafu ikivimba lawama zote kwa chaja. Weka mezani bwana.

Kama yako inashinda kwenye umeme, ingia kwenye setingi utafute sehemu ya kuweka ukomo wa chaji, Lenovo, ASUS na Dell nyingi wanayo, weka 80%. Kuichomoa betri kabisa sishauri, umeme ukikatika tu kazi uliyokuwa hujasevu imeondoka. Na hii ya kuimaliza mpaka 0% kila siku ndo inaizeesha zaidi, ikifika 20 au 30 chomeka tu.