"Ni katuni tu, mwache aangalie": dhana tunazobeba kuhusu watoto na ukatili wa kwenye skrini

Mjadala huu una pande mbili zinazopigiana kelele. Mmoja unasema filamu na magemu ya kupigana yanazalisha wauaji. Wa pili unasema sote tumekulia humo na tu wazima, kwa hiyo waacheni watoto wafurahi. Naona wote wanatazama mbali mno, wakati jambo lenyewe liko karibu: mtoto asiyetaka kulala bila taa, anayemrukia mdogo wake kwa teke aliloliona asubuhi, anayeamini kwamba mtu akipigwa haumii.

Dhana: Katuni haina madhara, mtoto anajua si kweli

Hii imeota mizizi kuliko zote. Kiumbe anaangukiwa na jiwe, anabapa kama karatasi, anajinyoosha na kuendelea na mbio zake. Mtu mzima anacheka kwa sababu anaujua uzito wa jiwe. Mtoto wa miaka mitatu bado anajifunza uzito huo.

Mwaka 1961, Albert Bandura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walifanya jaribio na watoto 72 wa shule ya awali. Baadhi yao walimwona mtu mzima akimshambulia mwanasesere mkubwa wa kujazwa upepo, yule anayeangushwa na kuinuka mwenyewe. Alimpiga ngumi, akamkalia, akamtwanga kwa nyundo huku akitamka maneno fulani. Watoto walipobaki na mwanasesere huyo, wengi walirudia vitendo vile vile, hadi na maneno. Jaribio lililochapishwa mwaka 1963 lilitumia filamu, na pia mhusika aliyevishwa kama paka wa katuni. Waliiga vilevile.

Tusiongeze chumvi hapa. Mwanasesere wa aina hiyo ametengenezwa apigwe, na hakuna mtoto aliyemdhuru mtu. Jaribio hilo halikuthibitisha kwamba katuni inazaa wahalifu. Kilichoonekana ni kwamba mtoto anaweza kujifunza namna ya kupiga kwa kutazama tu, bila kufundishwa wala kupewa zawadi. Mwaka 1965 Bandura aliongeza jambo lililonifikirisha zaidi. Watoto walioona mpigaji akiadhibiwa waliiga kidogo, lakini walipoahidiwa zawadi wakionyesha walichokiona, nao wakaonyesha kama wenzao. Somo lilikuwa limeshaingia, likakaa kimya likisubiri siku yake.

Sasa chukua hilo ulipeleke kwenye vipindi vyenyewe. Katikati ya miaka ya 1990, watafiti nchini Marekani walichambua maelfu ya saa za televisheni. Karibu asilimia 60 ya vipindi vilikuwa na ukatili, na katika takriban robo tatu ya matukio ya ukatili mtendaji hakuadhibiwa palepale. Mara nyingi anayepiga ndiye shujaa, mzuri wa sura, mchekeshaji, na aliyepigwa haonyeshwi akiugulia. Kwa mtoto mdogo huo ndio mchanganyiko wa kuangalia kwa makini. Sisi wakubwa hupima kwa damu: pasipo na damu tunaona pako salama. Lakini kipigo kisicho na maumivu kinaweza kumfundisha mtoto vibaya kuliko kile kinachomwonyesha mtu akilia.

Dhana: Magemu ya bunduki yanatengeneza wauaji

Ushahidi hausemi hivyo. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilitoa tamko mwaka 2020 kikieleza kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuyahusisha magemu ya ukatili na vitendo kama mauaji ya risasi, na kwamba kuyabebesha magemu lawama kunaziacha sababu nyingine bila kuangaliwa. Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwahusisha vijana zaidi ya 1,000 wa miaka 14 na 15, wazazi wakiulizwa kuhusu tabia za watoto wao. Haukuona uhusiano kati ya kucheza magemu ya ukatili na uchokozi.

Tamko lile la 2020 lilisema pia kwamba upo uhusiano mdogo, lakini wa kuaminika, kati ya magemu hayo na uchokozi wa kawaida kama kufoka na kusukumana. Hilo halifiki kwenye vichwa vya habari. Na hapa ndipo dhana hii inapotuponza: tukishatishwa na jambo kubwa na lisitokee, tunahitimisha kwamba hakuna jambo lolote.

"Mbona mimi niliangalia hayo hayo na niko sawa?"

Wapo pia waliosafiri utotoni bila mkanda wa gari na wakafika. Anayesalimika ndiye anayebaki kusimulia. Isitoshe, watoto hawafanani: mmoja anatazama pambano akaenda kucheza mpira, mwingine analibeba moyoni wiki nzima. Unayepaswa kumtazama ni huyo uliye naye.

Dhana: Kupigana kwa kwenye skrini kunampunguzia hasira, kunamtoa presha

Hapana. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2002, wanafunzi wa chuo waliokasirishwa waliambiwa wapige begi la ngumi huku wakimfikiria aliyewaudhi. Walitoka na hasira kuliko wale walioketi kimya bila kufanya lolote.

Dhana: Kisichomtisha mkubwa hakimtishi mtoto

Hofu ndiyo madhara yaliyo wazi kuliko yote, na ndiyo tunayoyazungumza kidogo kuliko yote. Joanne Cantor, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alitumia miaka mingi kuchunguza kinachowatisha watoto kwenye televisheni. Alikuta kwamba wadogo wanatishwa zaidi na sura. Katika tamthilia moja maarufu, mtu mpole aligeuka jitu la kijani ili awaokoe wanaoonewa. Watoto wakubwa walilishangilia, kwa kuwa walijua limekuja kusaidia. Wadogo waliogopa pale pale lilipoanza kubadilika. Kumwambia mtoto wa miaka minne "usiogope, yule ni mwema" hakumfikii. Anachokiona ni macho na misuli.

Na mtoto haogopi kile tulichomwekea tu. Jioni moja sisi wakubwa tulikuwa sebuleni, tukifuatilia taarifa ya jengo lililolipuliwa. Mpwa wangu wa miaka minne alikuwa chini akipanga vibao vyake vya mbao, ametupa mgongo. Picha ile ya jengo likiporomoka ilirudiwa na kurudiwa. Hakuna aliyemwona akigeuka. Usiku, nikimfunika shuka, akaniuliza: "Mjomba, leo yameanguka majengo mangapi?" Kila marudio, kwake, lilikuwa jengo jingine na watu wengine.

Dhana: Nikikaa naye pembeni inatosha

Inategemea unafanya nini hapo pembeni. Amy Nathanson, mtafiti wa mawasiliano wa Marekani, aligundua mwaka 1999 kwamba wazazi wanaokaa na mtoto wakitazama ukatili bila kusema neno wanaweza kueleweka kwamba wameuridhia. Walioukosoa mbele ya mtoto walikuwa na watoto wenye uchokozi mdogo zaidi. Kimya chako nacho ni maneno.

Wapo wanaodhani dawa pekee ni kuzima, halafu kwa kuwa kuzima kunaleta vita, wanaacha kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanyika Seattle, Marekani, kwa familia 565 zenye watoto wa miaka mitatu hadi mitano, ulijaribu njia nyepesi zaidi. Wazazi hawakuambiwa wapunguze muda. Walisaidiwa kubadilisha vipindi: vya kupigana vitoke, vya kusaidiana na kujifunza viingie, na wazungumze na mtoto wanapotazama. Baada ya miezi sita tabia za watoto hao zilikuwa nzuri kidogo kuliko za wenzao. Kidogo, nakubali. Lakini rimoti haigharimu kitu.

Kuna jaribio jingine, la mwaka 2000, ambalo silisahau. Nathanson na Cantor waliwaonyesha watoto wa shule ya msingi katuni yenye vipigo, wakawaomba baadhi yao wafikirie anavyojisikia yule anayepigwa. Wavulana walioombwa hivyo hawakuongeza uchokozi kama wale waliotazama tu.

Nikalijaribu kwa mpwa wangu. Paka alikuwa amebamizwa na mlango, nikasimamisha video, nikamuuliza: "Huyu sasa anajisikiaje?" Aliangalia muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Akasogea mpaka kwenye kioo, akaweka kidole kwenye paji la uso la yule paka. "Anaumwa hapa," akasema. Kisha akaniomba tuendelee.