Feri za Uingereza na Ufaransa: bei ya tiketi si gharama ya safari

Ukitafuta feri ya Dover kwenda Calais utaletewa bei za kampuni za P&O, DFDS na Irish Ferries, mara nyingi zikipishana kwa pauni chache. Bahari ni ileile na mwendo ni ule ule wa dakika 90 hivi, kwa hiyo wengi hukata ya chini na kufunga kompyuta. Nashauri uanzie upande wa pili: andika mji utakaolala usiku ule, ndipo uhesabu kurudi nyuma hadi mlangoni kwako.

Chukua familia inayotoka Birmingham kwenda Rennes kwa gari. Kupitia Dover ni kama kilomita 320 hadi bandarini, kisha kama 520 kutoka Calais. Kupitia Portsmouth ni kama 230, na ukishuka Ouistreham, bandari ya Caen, zimebaki 200 hivi kwa barabara ya A84 isiyo na tozo. Tofauti inakaribia kilomita 400. Kwa gari linalokula lita 7 kwa kilomita 100, hizo ni lita 28 kwa upande mmoja, ukiacha tozo za barabara na uchovu wa dereva. Tiketi ya Brittany Ferries ya Portsmouth huonekana ghali ukiitazama peke yake. Weka hesabu hizi kando yake, kisha uamue. Safari ya usiku ina gharama ya chumba, lakini chumba hicho kinakuondolea hoteli.

Kwa anayekwenda Brussels au Antwerp mambo ni tofauti. Feri ya DFDS ya Dover–Dunkirk huchukua saa 2, na bandari yake iko karibu na Ubelgiji kuliko Calais kwa kama kilomita 30. Barabara ya A16 kati yao haina tozo. Hapo chagua bei ya chini tu, maana muda unaouongeza baharini unaupunguza barabarani.

Nauli hupanda na kushuka kwa saa ya kuondoka, msimu na vipimo vya gari. Vipimo ndivyo vinavyowaumiza watu. Urefu na kimo vinavyotakiwa ni vya gari likiwa na mizigo yake yote, yaani pamoja na boksi la juu ya paa na baiskeli zilizofungwa nyuma. Pima kwa futi kamba baada ya kufunga boksi, usinakili namba za kitabu cha gari. Ukizidi kipimo ulichoandika, unaweza kudaiwa nyongeza getini au kusogezwa meli nyingine. Angalia pia tiketi ya kwenda na kurudi siku moja: ni ya bei nafuu, lakini ukiitumia upande mmoja tu kampuni inaweza kukudai tofauti ya nauli ya kawaida.

Asiye na gari ana chaguo chache. Feri ya Dunkirk haimchukui. Feri ya Newhaven–Dieppe, saa 4, inamfaa zaidi: kituo cha treni cha Newhaven Town kiko karibu na bandari, na ukifika Dieppe kuna treni za kwenda Paris kupitia Rouen.

Sasa nyaraka, kwa kuwa hapa ndipo tiketi ya bei nafuu hugeuka hasara. Polisi wa mpaka wa Ufaransa hukagua pasipoti palepale Dover, kabla hujapanda meli. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Kongo anahitaji viza ya Schengen hata kama ana kibali cha kuishi Uingereza, isipokuwa awe na kibali cha ukaaji cha nchi ya Schengen. Kwa safari ya kurudi, hakikisha eVisa yako (kumbukumbu ya mtandaoni ya kibali chako cha Uingereza) imeunganishwa na pasipoti unayosafiria. Ukishapata pasipoti mpya, ibadilishe kwenye akaunti yako ya UKVI, idara ya viza na uhamiaji ya Uingereza, kabla ya kuondoka. Mkizuiwa kwa nyaraka, msitegemee kurudishiwa nauli.

Kwenye huduma, tazama haki zako kabla ya kutazama mgahawa wa meli. Kanuni ya Ulaya namba 1177/2010, ambayo Uingereza iliibakiza, inasema kuondoka kukichelewa zaidi ya dakika 90, au safari ikifutwa, unachagua kati ya usafiri mwingine na fedha zako. Fidia ni jambo jingine, na huhesabiwa kwa saa ya kufika. Dover–Calais, saa 1 ya kuchelewa inakupa asilimia 25 ya nauli, na ikizidi saa 2 ni asilimia 50. Portsmouth–Caen, kwa kuwa ni safari ndefu, hesabu huanzia saa 2, na asilimia 50 baada ya saa 4. Tiketi ya kwenda na kurudi ya pauni 200 ikichelewa upande mmoja huhesabiwa kwa pauni 100, hivyo asilimia 25 ni pauni 25. Dhoruba huiondolea kampuni wajibu wa kulipa fidia, lakini haikuondolei haki ya kuchagua.

Piga picha ya ubao wa matangazo na ya saa mliyofika, tunza tiketi, na upeleke malalamiko ndani ya miezi 2. Na mkiwa melini, weka simu kwenye hali ya ndege: ikinasa mtandao wa setilaiti wa meli, bili yake inaweza kumeza akiba yote mliyoitafuta kwenye nauli.